Kisanduku cha zamani cha rezista: anza na swichi

Mpenzi wa elektroniki akipata kisanduku cha rezista cha dekadi, yaani chombo cha kuchagua thamani ya ukinzani kwa kuzungusha vishikio, kilichotengenezwa miaka hamsini au sitini iliyopita, kwa kawaida hukiweka kwenye omu 1,000, hukiunga na multimita, kisha husoma. Ikitokea 1,003 anakata tamaa. Ikitokea 1,000 anakipa nafasi mezani akiamini amepata chombo kizuri. Hukumu zote mbili zimetolewa mapema mno. Omu 3 zinazozidi leo, kama zitazidi vilevile kesho na mwezi ujao, hazimdhuru mtu: unaziandika, unazitoa kwenye hesabu, kazi inaendelea. Kinachoharibu kazi ni kisanduku kinachosoma 1,000.02, na ukizungusha kishikio na kukirudisha palepale kinasoma 1,000.35. Ugonjwa huo mara nyingi hautoki kwenye rezista hata kidogo. Unatoka kwenye swichi, na huko ndiko uchunguzi wa kisanduku cha zamani unapostahili kuanzia.

Mfano mmoja utaonyesha uzito wa jambo hili. Watu wengi hutumia visanduku hivi kuiga kihisi cha joto cha platini, kile cha Pt100, ili kupima saketi kabla ya kuifungia kihisi chenyewe. Kihisi hicho kina omu 100 kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi na takriban omu 138.5 kwenye nyuzi 100, yaani kila nyuzi moja ni kama omu 0.385. Swichi chafu zikiyumba kwa milioomu 40 tu, tayari saketi yako inaonyesha tofauti ya nyuzi 0.1 ambayo haipo. Utatafuta kosa kwenye amplifaya, kwenye programu, kila mahali isipokuwa pale lilipo.

Ndani kuna nini

Kila kishikio na rezista zake ni dekadi moja, na kinasimamia tarakimu moja: kimoja sehemu za kumi, kingine mamoja, kingine makumi, na kuendelea. Swichi zote zimeungwa kwa mfuatano kati ya terminali mbili. Ukitaka omu 4,720 unaweka maelfu kwenye 4, mamia kwenye 7, makumi kwenye 2, na vilivyobaki kwenye sifuri. Kumbuka kwamba hata dekadi iliyo kwenye sifuri haijaondoka njiani. Mkondo bado unapita kwenye vigusio vyake.

Dekadi hujengwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza hutumia rezista tisa au kumi zilizo sawa, zimepangwa mstari mmoja, na kigusio kinachozunguka huchagua ni ngapi ziingie. Ya pili hutumia rezista nne, kwa mfano 1, 2, 2 na 5, na swichi yenye safu kadhaa za vigusio huzichanganya: 3 ni 1 na 2, 4 ni 2 na 2, 8 ni 5, 2 na 1. Njia hii inapunguza idadi ya rezista, lakini inaongeza migusano ambayo mkondo lazima uipite. Fungua mfuniko ujue unashughulika na ipi, kwa sababu namna ya kusoma matokeo yako itategemea hilo.

Visanduku vya maabara, kama vya kampuni za General Radio na Electro Scientific Industries, kwa kawaida vilitumia waya uliosokotwa juu ya kadi au kibobini. Aloi iliyopendwa ni manganini, shaba asilimia 84, manganizi 12 na nikeli 4, iliyobuniwa na Edward Weston mwishoni mwa karne ya 19. Sifa yake kubwa ni kutojali joto. Ukinzani wa shaba tupu hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kila nyuzi moja, ilhali manganini iliyotengenezwa vizuri hubadilika kwa sehemu kumi au ishirini tu kwa milioni karibu na joto la chumba. Pia inapounganishwa na shaba huzaa volteji ndogo sana ya joto, chini ya mikrovolti 3 kwa kila nyuzi ya tofauti. Konstantani, aloi nyingine ya Weston, huzaa takriban mikrovolti 40, na ndiyo sababu huitumii pale unapopima volteji ndogo.

Vile vya kujiundia nyumbani, kama vya Heathkit na EICO, viliwalenga wapenzi na mafundi wa kutengeneza redio. Usividharau. Kisanduku cha asilimia 1 chenye swichi safi kinafaa kwa kazi nyingi zaidi kuliko kile cha asilimia 0.05 chenye swichi zilizochakaa. Unapofungua, angalia tu kama mtu aliyekuwa nacho kabla yako hakuweka rezista za kaboni iliyoshindiliwa. Aina hiyo hunyonya unyevu na kupanda thamani kadiri miaka inavyopita, wakati mwingine kwa asilimia 10 na zaidi. Hizo hazina cha kuokoa.

Sifuri, na jinsi inavyoyumba

Weka vishikio vyote kwenye sifuri. Ukinzani unaobaki ni jumla ya waya, vigusio na terminali. Multimita ya kawaida haitakusaidia kuupima kwa njia ya omu, kwa sababu waya za multimita yenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko unaoutafuta. Tumia waya nne. Pitisha mkondo wa miliampea 100 kutoka kwenye chanzo cha umeme kinachoweza kuwekewa kikomo, kisha pima volteji kwa waya nyingine mbili zilizoshikwa moja kwa moja kwenye terminali za kisanduku. Kila milivolti 0.1 ni milioomu 1. Multimita ya bei ndogo yenye kipimo cha milivolti 200 inatosha kabisa kwa hili.

Kikomo cha volteji cha chanzo kiweke volti 1. Kishikio kikiteleza kwenda kwenye omu 1,000, mkondo utashuka wenyewe hadi miliampea 1 na hakuna kitakachoungua. Halafu geuza waya za chanzo, chanya iwe hasi, pima tena, uchukue wastani wa vipimo viwili bila kujali alama. Kwa njia hiyo volteji zinazozaliwa na joto kwenye viungo zinafutana.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Zungusha kishikio kimoja duru nzima, kirudishe sifuri, soma. Rudia mara kumi hivi kwa kila kishikio, ukiandika kila somo. Usivutiwe na wastani. Angalia umbali kati ya somo dogo na kubwa. Dekadi sita zenye swichi nzuri zinaweza kuwa na jumla ya milioomu 20 na kuyumba kwa milioomu 1 au 2. Kisanduku hicho ni kizima hata kama chapa imefutika na rangi imebabuka. Jumla ya milioomu 60 inayobaki milioomu 60 kila mara nayo haina neno. Ila ukiona 25, 31, 90, 28, 140, basi umepata mgonjwa, na kishikio ulichokuwa unakizungusha ndicho chenye mgonjwa huyo.

Kusafisha bila kuharibu

Vigusio vingi vya zamani ni vya fedha au vimepakwa fedha, na weusi unaouona ni fedha iliyoshikana na salfa ya hewani. Ukichanganyika na grisi iliyokauka na vumbi, unatengeneza utando usiotulia. Dawa ya kwanza haigharimu kitu: zungusha kila kishikio mara nyingi, kulia na kushoto, kisha pima tena sifuri. Swichi hizi ziliundwa zijisuguane zenyewe, na zile zilizolala miaka mingi hurejewa na sehemu kubwa ya afya yao kwa kuzungushwa tu.

Isipotosha, tumia alkoholi ya isopropili kwenye kipande cha karatasi ngumu au pamba isiyoacha nyuzi, na ukipitishe kati ya kigusio na kigusio. Malizia kwa tone dogo la mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya vigusio. Msasa usiusogeze karibu. Tabaka la fedha ni jembamba, na mikwaruzo unayoiacha itakuwa makazi ya uchafu mpya.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Rezista nyingi za waya za zamani zimepakwa shelaki, aina ya vanishi, na shelaki huyeyuka kwenye alkoholi. Ukipuliza kisafishaji ovyo ndani ya kisanduku, kinatiririka hadi kwenye vibobini, kinalainisha kile kilichokuwa kimeushika waya kwa nusu karne, na thamani inahama. Umetibu swichi ukajeruhi rezista. Kwa hiyo alkoholi iende pale inapohitajika tu, kwa mkono, kisanduku kikiwa kimeinamishwa upande ambao tone likianguka halikuti waya.

Kama kigusio kimelegea, chemchemi yake inaweza kukazwa kidogo kwa koleo laini. Kidogo sana. Shinikizo likizidi, kigusio kinakula njia yake. Na ukiwa bado umefungua, pitia viungo vyote vya lehemu: kile kilichopauka au chenye ufa wa mviringo kiyeyushwe upya kwa lehemu mpya.

Kusoma jedwali la hatua

Swichi zikishatulia, ndipo rezista zenyewe zinastahili kuhojiwa. Pima kila hatua ya kila dekadi, toa sifuri, uandike kosa kwa omu, si kwa asilimia. Sababu ya kuandika kwa omu ni kwamba kosa la rezista moja hubaki vilevile kila mahali inapotumika, na alama yake inaonekana wazi.

Kwenye dekadi ya rezista zilizo sawa, mbovu hujitangaza kwa ngazi. Hatua 1, 2 na 3 ziko sawa, kisha kuanzia 4 hadi mwisho zote zimezidi kwa kiasi kilekile. Rezista ya nne ndiyo yenye shida, nyingine zote ni salama. Kwenye dekadi ya 1, 2, 2 na 5 alama ni za kuvutia zaidi. Kosa likionekana kwenye 1, 3, 6 na 8 pekee, rezista ya 1 ndiyo iliyohama. Likionekana kuanzia 5 hadi 9 lote sawa, ni ile ya 5. Likionekana kwenye 4 na 9 tu, ni ile ya 2 ambayo huingia ya pili. Unaweza kumtaja mkosaji kabla hujagusa pasi ya kulehemu, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika kazi hii.

Kosa lililosambaa taratibu, kila hatua ikiongeza kidogo, si la rezista moja. Huenda dekadi nzima imezeeka pamoja, au multimita yako ndiyo iliyo pembeni. Hapo swali la kipimio linaingia.

Huwezi kuhukumu kisanduku cha asilimia 0.05 kwa multimita ya asilimia 0.5. Lakini huhitaji kununua multimita ya gharama kubwa. Unahitaji rezista moja unayoiamini, tuseme ya omu 1,000 yenye usahihi wa asilimia 0.01, na njia ya kulinganisha. Jenga daraja la Wheatstone, saketi ya rezista nne ya kulinganisha thamani: upande mmoja rezista mbili za filamu ya metali zinazokaribiana, upande wa pili rezista yako ya marejeo na kisanduku. Ukiipa volti 10, tofauti ya asilimia 0.1 kati ya marejeo na kisanduku huzaa milivolti 2.5 katikati ya daraja. Multimita inayoweza kusoma milivolti 0.1 sasa inaona tofauti ya asilimia 0.004. Badilishana nafasi za marejeo na kisanduku, upime tena, na tofauti kati ya marejeo na kisanduku itageuka alama, ilhali kosa la zile rezista mbili za upande wa kwanza litabaki vilevile. Nusu ya tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo inayokuhusu. Multimita hapa haitoi thamani tena, inaonyesha tu nani mkubwa na kwa kiasi gani, na kazi hiyo hata ya bei ndogo inaiweza.

Kutoka omu 1,000 unapanda ngazi. Hatua kumi za dekadi ya maelfu, ambazo kila moja umeshailinganisha na marejeo, kwa pamoja ni omu 10,000 unazozijua; hizo zinakuwa marejeo ya hatua ya kwanza ya dekadi ya makumi elfu. Kama dekadi inaishia 9, ongeza rezista ya marejeo yenyewe iwe ya kumi. Maabara za viwango zilitumia wazo la jamaa hii. Mwaka 1954 Bruce Hamon wa Australia alieleza namna ya kupanga rezista kumi zinazolingana ili kuziunga kwa mfuatano au sambamba, na kupata uwiano wa 100 kwa 1 ambao makosa madogo ya rezista moja moja karibu hayauathiri.

Kurekebisha rezista iliyohama

Rezista iliyokatika au kuungua ibadilishwe. Dekadi za mamia na kuendelea zinakubali vizuri rezista za kisasa za filamu ya metali za asilimia 0.1, zenye badiliko la sehemu 25 kwa milioni kwa nyuzi au pungufu. Dekadi za chini, mamoja na sehemu za kumi, ziachie waya wa manganini, kwa sababu kule urefu wa mguu wa rezista na donge la lehemu vinahesabika.

Rezista iliyopanda kidogo haihitaji kung'olewa. Iongezee nyingine kubwa sambamba. Tuseme ile ya omu 5,000 inasoma 5,020. Zidisha 5,000 kwa 5,020, gawanya kwa 20, unapata omu 1,255,000. Rezista ya megaomu 1.3 ukiiweka sambamba inaishusha hadi 5,000.7, kosa lililobaki likiwa chini ya asilimia 0.02. Uzuri wa njia hii ni kwamba nyongeza hiyo inachangia asilimia 0.4 tu ya kazi. Hata ikikosea kwa asilimia 1, jumla inahama kwa omu 0.2. Rezista ya kawaida kabisa inatosha, na ile ya zamani ya manganini inabaki kuwa ndiyo inayobeba uthabiti. Iliyoshuka ni ngumu zaidi: inataka kipande cha waya wa manganini kiongezwe kwa mfuatano, kikatwe taratibu hadi thamani itulie. Subiri ipoe kabla ya kusoma, lehemu ya moto hudanganya.

Hata hivyo, kama kosa ni chini ya asilimia 0.1 na halihami, mimi nisingeligusa. Jedwali la masahihisho lililobandikwa ndani ya mfuniko linafanya kazi ileile, na halimtii joto mtu yeyote.

Juu, kwenye megaomu, adui ni mwingine. Bakelaiti, plastiki ya zamani ya paneli, hunyonya unyevu. Ebonaiti, yaani mpira mgumu, ikikaa kwenye mwanga kwa miaka hutoa salfa inayogeuka kuwa tindikali usoni, na uso huo unaanza kupitisha umeme. Njia ya pembeni yenye omu bilioni 10 hupunguza megaomu 10 kwa asilimia 0.1. Ukiona dekadi ya juu inasoma chini wakati wa mvua na kupanda wakati wa kiangazi, safisha paneli kati ya terminali kabla ya kumlaumu mtu mwingine.

Nguvu, masafa na terminali

Visanduku vingi hufa kwa kuunguzwa. Chukua kwamba kila hatua inavumilia wati 0.5, na angalia mkondo unaoruhusiwa: takriban miliampea 700 kwa hatua ya omu 1, miliampea 220 kwa omu 10, 70 kwa omu 100, 22 kwa 1,000, 7 kwa 10,000. Kikomo kinawekwa na dekadi kubwa iliyo kazini, haijalishi jumla ni ngapi. Andika namba hizo pembeni ya kila kishikio. Fyuzi ndani ya kisanduku si wazo zuri, kwani ina ukinzani wake, na ukinzani huo hubadilika inapopata joto.

Kwa mkondo unaobadilika, usitarajie mengi. Nyaya za ndani zenye induktansi ya mikrohenri 0.5 zinaongeza omu 0.31 za kupinga kwenye kilohezi 100, jambo kubwa kwa hatua ya omu 1. Na kapasitansi ya pikofaradi 20 inayojificha sambamba na megaomu 1 huiangusha hadi takriban kiloomu 620 kwenye kilohezi 10. Eneo la kati, kuanzia omu 100 hadi elfu kadhaa, ndilo linalobaki aminifu kwa masafa mapana zaidi.

Maboresho mawili ya terminali yana faida ya kweli. La kwanza ni terminali ya tatu iliyounganishwa na sanduku la chuma, ili ulikinge dhidi ya mvumo. La pili limo kwenye kisanduku cha Kisovieti cha R33, na linafaa kuigwa: kina terminali nne, 0, 0.9, 9.9 na 99999.9. Ukihitaji thamani ndogo unaunga kwenye 0.9 au 9.9, na mkondo hauzipiti kabisa swichi za dekadi kubwa. Kwenye kisanduku chako, waya mmoja mnene kutoka kwenye kiungo cha kati ya dekadi ya mamoja na ya makumi hadi terminali mpya kwenye paneli unakuondolea swichi nne kati ya sita. Sifuri inashuka, na kuyumba kwake kunashuka pamoja nayo.

Jedwali lako liwe na safu mbili: sifuri na kuyumba kwake, kisha makosa ya hatua. Rudia vipimo baada ya miezi kadhaa, kwenye joto linalokaribiana na la mara ya kwanza. Safu ya kwanza ikihama huku ya pili imetulia, rudi kwenye vigusio. Hatua fulani ikihama peke yake, fuata alama yake hadi kwenye rezista husika. Zikihama zote kwa uwiano mmoja, kabla hujafungua skurubu yoyote, ipime upya rezista ya marejeo.